Nilimwambia Hakina Mafuta

Nimekosa. Naanza na hilo, kwa sababu nikianza kwa kueleza nia yangu ilivyokuwa njema nitajitetea tena, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa. Nilimdanganya rafiki yangu kwenye sahani, siku baada ya siku, kwa miezi, huku akinishukuru. Akinishukuru jamani!

Nina mgahawa mdogo hapa Kayanga. Meza nne, mabenchi, na majiko ya mkaa nyuma. Napika ndizi, wali, maharage, nyama, na sato akipatikana. Wateja wangu wengi ni walimu na watu wa ofisini. Mkono wangu unajulikana, na sisemi hivyo kwa kujisifu, maana sifa ndizo zilizoniponza.

Rafiki yangu nitamwita Mwalimu Jenerosa. Si jina lake. Tulijuana kwenye kwaya, sote sauti ya pili, na mwanangu wa mwisho alipobatizwa yeye ndiye aliyemsimamia. Mama mnene, mcheshi, akicheka meza zote zinageuka. Nyumbani kwake ni Bugene, lakini shule anayofundisha iko karibu na mgahawa wangu, kwa hiyo mchana alikuwa anakula kwangu.

Siku moja akaingia hacheki. Alikuwa ametoka hospitali. Presha iko juu, sukari imeanza kupanda, magoti yanauma. Daktari amemwambia apunguze mwili, asipofanya hivyo ataanza dawa za sukari, na dawa hizo ni za maisha.

"Dada, mimi mateso siyawezi," aliniambia. "Nimejaribu kabichi ya kuchemsha nyumbani, wiki haijaisha nikaanza kuota chapati. Ukinipikia kitu kinachoshuka kooni, nitaweza. Nataka nipungue huku nakula na kufurahi kama mtu."

"Niachie mimi," nikasema.

Siku za kwanza nilipika kwa uaminifu, Mungu anajua. Ndizi za kuchemsha, dagaa, mchicha wa maji, chumvi ya kuhesabu. Mwalimu alikula kama mtu anayemeza vidonge. Siku ya nne akasukuma sahani pembeni, akaniambia taratibu, "Usikasirike dada. Hii ni maji ya kuoshea sufuria."

Walimu wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini iliniuma! Mimi, ninayefuatwa na watu kutoka ofisini, nimepika maji ya kuoshea sufuria!

Yeye mwenyewe alinionyesha njia. Alisema mama yake kule Mabira hupika ebitooke, ndizi zetu za kupika, ndani ya majani ya mgomba, kwa moto mdogo, na uyoga mkavu uliotwangwa, na nyanya zilizochomwa kwenye makaa, na nyanya chungu. Hakuna tone la mafuta, na utotoni walikuwa wanagombania kukwangua sufuria. "Nitamuuliza vizuri nikuelekeze," akasema. Nikaitikia ndiyo. Lakini kufunga majani ni kazi ya asubuhi nzima, na saa sita wateja wako mlangoni. Sikujaribu hata mara moja. Hata mara moja!

Nilichofanya kesho yake ni kutia mafuta kwenye mchicha wake. Kijiko kimoja.

Alimaliza sahani. Akalamba vidole. "Mawe, mama yangu! Leo umefanyaje?"

"Ndimu na tangawizi tu."

"Na mafuta?"

"Hakina mafuta," nikamjibu. Nilimtazama usoni nikiwa nasema.

Basi, kilichoanza kwa kijiko kikawa upawa. Nikaanza kutia samli kwenye maharage yake, kwa sababu samli inanukia kuliko mafuta ya dukani. Juisi ya nanasi aliniomba isiwe na sukari kabisa. Nanasi likiwa kali natia sukari, likiwa tamu natia pia. Kila siku anasifu, kila siku naongeza. Naye, maskini, kwa kuamini kwamba chakula kile hakimdhuru, alikuwa anasema, "Si hakina mafuta? Niongeze kidogo." Namwongeza!

Akawaleta walimu wengine. Nao wakasifu. Nikanunua chaki, nikaandika kwenye ubao wa mlangoni kwa mkono wangu: CHAKULA CHA DAYATI, HAKINA MAFUTA, HAKINA SUKARI. Watu wakipita wanasoma, na mimi najisikia daktari.

Mwenzangu upande wake alitimiza kila kitu. Aliacha kupanda bodaboda, akawa anatembea kutoka Bugene asubuhi na kurudi jioni, viatu mkononi kukiwa na matope. Chai ya nyumbani hatii sukari. Kwenye harusi anakataa soda, wifi zake wanamcheka. Halafu anaenda kliniki, anapanda mzani, na mzani unasoma zaidi ya mwezi uliopita.

Alirudi kwangu akilia. Akakaa kwenye benchi la jikoni, mahali ambapo wateja hawamwoni.

"Dada, mwili wangu una nini? Nesi amenitazama kama mtoto mwongo. Natembea, najinyima, nakula chakula chako tu. Kwa nini naongezeka?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Tulikuwa wawili tu, na chupa ya samli iko nyuma yangu kwenye kabati. Ningesema siku ile, angenikasirikia wiki moja, yangeisha.

Nilimshika bega nikamwambia, "Miili haifanani, Mwalimu. Labda ni ya ukoo."

Ya ukoo! Halafu nikammiminia juisi apoe.

Nyumbani kwake moto ulishawaka. Mume wake si mtu mbaya, ila ni mtu wa ofisi, anaamini kilichoandikwa. Na kwenye kadi ya kliniki kimeandikwa uzito umepanda. Akaanza kuamini mke wake anakula kwa kujificha. Akaanza kufungua mkoba wake na kunusa. Jenerosa alinisimulia hilo akijaribu kucheka.

Kisha mume akaja kwangu. Ilikuwa asubuhi, bado nachambua mchele. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni, karibu na ubao wangu.

"Habari za kazi, shemeji."

"Nzuri shemeji, karibu chai."

"Sikuja kunywa chai. Nataka uniambie ukweli, sitagombana na mtu. Mke wangu anakula nini?"

Nilijua kilicho ndani ya kabati. Nilijua pia kwamba nikikiri, mchana huo huo walimu wote watajua, na ubao utafutika, na jina langu litakuwa mdomoni mwa kila mtu Kayanga. Sikufikiria zaidi ya hapo. Nikachambua mchele.

"Hapa anakula dayati tu, shemeji," nikasema. "Kwingine sijui."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata ushahidi aliokuwa anautafuta. Akashukuru, akaondoka.

Kwingine sijui. Sikumtukana rafiki yangu, sikumsingizia kitu, na bado nilimmaliza.

Tangu siku hiyo mume aliacha kula naye meza moja. Akamwita mwongo mbele ya watoto. Na Jenerosa, ili kumwonyesha kwamba hali kwa siri, akaacha chakula cha jioni. Baadaye akaacha na chai ya asubuhi. Fikiria mwenyewe unayenisoma: chakula kilichobaki kuingia mdomoni mwake kwa siku nzima kilikuwa changu. Changu! Nami sikupunguza. Nilimwona anadhoofika usoni, macho yameingia ndani, nikasema huyu anahitaji nguvu, nikaongeza samli.

Akaanguka darasani. Alikuwa anaandika ubaoni, chaki ikamtoka, akaenda chini mbele ya watoto. Walimu wakambeba hadi kwenye gari. Hospitali wakakuta sukari iko juu sana, presha nayo imepanda. Akalazwa.

Na mimi nikawa mtu mwema wa wodini! Kila siku natoka Kayanga na hotipoti yangu kwenye kapu, nawasalimia wagonjwa kitanda kwa kitanda. Manesi wakawa wananisifu, rafiki wa kweli ndiye huyu.

Mama yake alishafika kutoka Mabira kumuuguza. Bibi mdogo wa umbo, mwenye maneno machache. Nikimwamkia "Shikamoo mama," anajibu "Marahaba," anarudi kumpangusa mwanawe uso.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuta ameishika hotipoti ya jana mapajani. Jenerosa alikuwa ametapika, hakuwa amekula. Mnajua baridi ya kwetu asubuhi ilivyo. Bibi alikuwa amefungua mfuniko ili akaioshe, na juu ya maharage yale mafuta yalikuwa yameganda, tabaka zima, la njano, kama nta.

Alitia kidole, akasugua na kidole gumba. Akanitazama.

"Hii ni nini, waitu, mwenzetu?"

"Mchuzi umeganda, mama. Ni baridi."

"Nimepika maharage tangu sijaolewa. Maharage ya maji hayagandi hivi."

Jenerosa alikuwa macho. Alijiinua kwa kiwiko, akatazama ndani ya ile hotipoti.

"Dada, ni mafuta?"

Nikasema ni kijiko tu, cha siku ile moja, kwa ajili ya mgonjwa. Nilikuwa bado nadanganya! Mtu yuko kitandani, sindano mkononi, na mimi bado nadanganya!

"Tangu lini?" akauliza.

Nikainamia kapu, nikajifanya napanga vitu.

"Na juisi?"

Nikatazama sakafu. Nadhani hapo alipata jibu.

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. Alilala tena, akaongea huku anatazama dari.

"Nimekaa miezi yote hii naamini mwili wangu umelaaniwa. Nimeuchukia. Nikioga nafumba macho nisiuone." Akavuta pumzi. "Ya mafuta ningekusamehe. Ulipenda kusifiwa, nani hapendi? Lakini mume wangu alikuja kukuuliza. Alinirudishia maneno yako jinsi yalivyo. Ukamwambia kwingine hujui."

Nikaanza kulia, nikaanza kusema nisamehe. Bibi akainuka, akaimwaga hotipoti nje, akaiosha, akaikausha kwa kanga yake, akaniwekea kwenye kapu. Akanipa kapu mkononi. Nikaelewa.

Alipotoka hospitali hakurudi Bugene. Alikwenda Mabira na mama yake. Habari ilienea, kama inavyoenea. Ubao niliufuta mwenyewe, lakini walimu hawakurudi. Mmoja tu alipita, akaniuliza mlangoni, "Na sisi ulikuwa unatufanyia hivyo hivyo?" Nikasema ndiyo. Akaenda zake.

Mume wake naye alikuja. Nilijua amekuja kunitukana. Alisimama pale pale aliposimama mara ya kwanza.

"Shemeji, ulinipa fimbo, na mimi nikampiga nayo mke wangu. Sijawahi kumgusa kwa mkono, lakini nimempiga. Sijui nikulaumu wewe au nijilaumu mimi." Aliendelea kusema kwamba kila Jumamosi anakwenda Mabira kuomba msamaha, na kwamba wamemruhusu kukaa uani, bado hajaruhusiwa kuingia ndani.

Nilikaa miezi mitano, nikashindwa. Nikachukua bodaboda hadi Mabira, vumbi jekundu hadi kwenye kope, na zawadi ya kilo za mchele na kanga. Nilipoingia kwenye kijia cha kwao nilimwona kwa mbali, kwenye migomba, na watoto wa kaka yake. Amepungua! Anainama na kuinuka bila kushika magoti. Alikuwa anacheka kile kicheko chake. Akageuka, akaniona. Akaacha kucheka, akazunguka nyuma ya nyumba. Hakutoka tena.

Bibi alinipokea. Akanipa kigoda, akanipa maji ya kunawa. Akaleta sahani ya ndizi zilizoiva ndani ya majani, na uyoga, na nyanya chungu zilizopondwa na nyanya za kuchoma. Nikala. Jamani, kile chakula! Kilikuwa kitamu kuliko chochote nilichowahi kumpikia mwanawe, na mdomo wangu haukuteleza mafuta hata kidogo. Nilikula huku machozi yanaingia kwenye sahani. Kumbe iliwezekana. Ilihitaji tu mtu wa kuamka mapema na kuhangaika kwa ajili yake, na mimi sikutaka kuhangaika, nilitaka kusifiwa.

"Mama, naomba nimwone, dakika moja tu," nikasema.

"Kula umalize," bibi akanijibu. "Kwangu mgeni haondoki na njaa. Ukimaliza, usirudi."

Nikamaliza. Nikaacha mchele na kanga kwenye kigoda. Kabla sijafika barabarani, mtoto mmoja wa pale alinikimbilia na kunirudishia vyote viwili. Nasikia mwaka huu Jenerosa amehamishiwa shule ya huko huko Mabira, wilaya ya Kyerwa, na mume wake amemfuata. Sukari imeshuka. Dawa za maisha hakuanza. Habari hizo nazipata kwa watu, kama mtu yeyote wa sokoni.

Wewe unayempikia mama yako, mume wako, rafiki yako aliyeambiwa apunguze mwili, sikia. Akikuambia chakula hakishuki, usimpe ladha ya uongo. Tafuta uyoga, tafuta ndimu, uliza wazee, ungua vidole, kosea, rudia. Na kama umeshaanza kumdanganya, mwambie leo. Mwambie kabla hajaanza kuuchukia mwili wake kwa kosa la mikono yako.