Mama Mkwe Nje ya Mlango

Mama yangu mzazi hangeweza kuja kuniangalia baada ya kujifungua. Kwetu magharibi mama halali chini ya paa la mkwewe, hata kama paa lenyewe ni la nyumba ya kupanga Kitengela. Kwa hiyo alikuja mama mkwe, na mfuko wa unga wa wimbi, na macho.

Macho ndiyo yaliyonimaliza. Kila nilipomweka mtoto kwenye titi, alinisimamia mikono kiunoni kama soja wa geti. "Yanatoka? Mbona analia? Hebu mbadilishe upande." Mabega yangu yalipanda hadi masikioni. Mtoto alivuta, akakosa, akalia, nami nikalia. Alikuwa anapungua, na kliniki walishatuambia kwamba uzito usipopanda atalazwa. Nilifika mahali pa kumwogopa mwanangu mwenyewe. Akiamka tu, moyo ulinidunda.

Nilirudi kliniki. Muuguzi aliminya titi kidogo, tone nono likatokea. "Tangi imejaa, mama. Shida ni koki." Akanieleza kwamba mtoto akinyonya, ubongo hutoa homoni ya kufungulia maziwa, ileile inayomvuta mama kwa mtoto wake. Hofu nayo ina homoni zake, na hizo zikizidi, ile ya kwanza hukwama. "Nani anakutisha huko nyumbani?"

Jibu lilikuwa limekaa kwenye benchi nje, limeshika kofia ya mtoto.

Tulipofika nyumbani nilijikaza. "Mama, ukiniangalia, maziwa haitoki." Nilitarajia apange nguo zake arudi kwao. Alichukua kigoda, akatoka, akakaa na mgongo kwa mlango. Nilimweka mtoto kwenye titi. Huko nje mama mkwe akaanza kuongea na ua wa nyumba.

"Huyo bwana yako akiwa mtoto alikunywa maziwa ya ng'ombe. Mama mkwe wangu alinisimamia hivi hivi mpaka yangu ikapotea. Nilikuwa naogopa hiyo shida nimekuletea wewe."

Hasira yote niliyokuwa nimemwekea iliniishia palepale.

"Na vile alianza kumea meno," akaendelea, "aliuma pasta kidole, siku ya kubarikiwa, kanisa yote ikiangalia!"

Nilicheka hadi mabega yakashuka. Kifua kikaanza kuwasha, na mtoto, aliyekuwa akivuta bure, akanyamaza na kuanza kugugumia.

"Ni nini hiyo nasikia?"

"Anameza, mama."

Alivuta kamasi. Nikamwita: "Kuja uone."

"Apana. Itakauka."

"Kuja tu."

Aliingia upande upande, uso ukiangalia ukuta. Nilishika mkono wake nikauweka kwenye shavu la mtoto, lililokuwa likipanda na kushuka. Nilimtazama machoni, naye akanitazama, na mtoto akaendelea kumeza.