Virungu Chini ya Dari

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Springi, na hakuna aliyehitaji kumjua kwa jina jingine. Alikuwa fundi makochi. Kochi lililobonyea kiasi cha kummeza mgeni mzimamzima lilifikishwa kwake na wabebaji wanaotweta, naye angelikandamiza kwa ngumi, atege sikio, kisha aseme ni springi ipi iliyokatika kabla hajafumua hata uzi mmoja. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, mtu wa kuitwa pale majirani wanapokoseana, mtu asiyecheka ovyo. Heshima ya namna hiyo ina mzigo wake: mwenyewe huibeba kama sinia la vikombe, kila hatua akihofia kujikwaa.

Kitindamimba wake hakubeba sinia lolote. Binti huyo, ambaye nyumbani waliishia kumwita Kitinda, alikuwa amemaliza shule na kupata kazi ya kuuza katika duka la vitambaa. Na jioni, badala ya kupumzika, alirusha vitu hewani na kuvidaka. Alianza na soksi zilizoviringwa, akahamia kwenye mipira, akaishia kwenye virungu vitatu alivyovinunua kwa mtu aliyechoka navyo. Siku baba yake alipomkuta akifanya hivyo mbele ya karakana, alimkemea huku fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akisikiliza: "Mikono ya kurusha vitu hewani ni mikono iliyokosa kazi!"

Fundi viatu alicheka mpaka sindano ikamchoma. Tangu hapo usemi ule ukawa mali ya mtaa. Aliyeonekana akizubaa kidogo alitupiwa. Mzee Springi alijivunia. Ni nadra mtu kuyasikia maneno yake yakitembea bila yeye.

Kisha kikundi cha sarakasi kinachozunguka mji hadi mji kikatangaza nafasi moja. Kitinda aliijua kazi ya kurusha peke yake kama anavyojua kusuka nywele zake, lakini mwalimu wa kikundi alitaka mtu wa kupokezana virungu, wawili wakielekeana, sita vikiwa hewani kati yao. Rafiki aliyekuwa akifanya naye mazoezi alikuwa ameteguka kifundo cha mkono. Baba akamkuta binti yake ndani ya karakana akivirusha virungu kwenye kochi la mteja, kimoja kimoja, kisha akienda kuviokota.

"Unafanya nini?"

"Nafanya mazoezi ya kumrushia mwenzangu."

"Na kochi linarudisha?"

"Halirudishi, Baba. Ila halinicheki."

Neno hilo lilimwingia kama msumari wa kochi. Akajifanya anatafuta mkasi, akautafuta muda mrefu ilhali ulikuwa mfukoni, na alipoinua uso alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza gundi: "Basi nifundishe mimi. Lakini stoo. Si nje."

Stoo ilikuwa nyuma ya karakana: chumba chembamba chenye marobota ya sponji, harufu ya gundi, na boriti ambazo juu yake vililazwa viunzi vya viti. Mtu mrefu aliinama kuingia. Humo, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, Mzee Springi alivua saa yake na kuanza upya, kama mtoto wa chekechea.

Mpira mmoja haukumsumbua. Wa pili ulimfedhehesha. Kanuni ilikuwa nyepesi kuisema: wa kwanza ukifika kileleni, ndipo mkono wa pili urushe wake. Lakini mkono wake wa kushoto, uliozoea miaka yote kuushikia msumari mkono wa kulia, haukutaka kurusha kitu. Uliutelezesha mpira pembeni, ukaukabidhi.

"Baba, huo hukuurusha. Umeukabidhi."

"Si umefika?"

"Umefika kwa miguu. Mimi nataka upande ndege."

Alicheka, na kicheko kilimshtua, maana hakukumbuka ni lini alicheka na binti huyu. Mipira mitatu ikaja. Kisha virungu, ambavyo hushikwa shingoni na kurushwa ili vizunguke mara moja tu na kurudi na shingo ikitazama kiganja. Vitatu havikutosha, akatengeneza vingine vitatu mwenyewe: akachonga miguu ya meza mibovu mpaka ikawa miepesi, akaivika sponji, akaishonea ngozi ya makochi ya rangi ya damu ya mzee. Hivyo alivipenda. Vilikuwa kazi.

Kupokezana kulikuwa jambo jingine kabisa. Walisimama wameelekeana, wakainua mikono, wakaishusha pamoja, na kuanza kwa mwendo mmoja. Kila mkono wa kulia uliporusha mara ya pili, kirungu kilivuka kwenda mkono wa kushoto wa mwenzake. "Usinirushie mimi," Kitinda alimweleza. "Rusha mahali mkono wangu utakapokuwa. Na ukisharusha, kisahau. Ni changu." Kusahau ndiko kulikomshinda. Alikisindikiza kila kirungu kwa macho mpaka kidakwe, na wakati huo kingine kilimgonga kifuani.

Siku moja kirungu cha Kitinda kilipanda vizuri, juu, kwa upole, kikagonga boriti na kuangusha mguu wa kiti juu ya kichwa cha baba.

"Punguza kimo," alisema, akijisugua.

"Kimo ndicho kinachokupa nafasi ya kudaka, Baba. Twende nje. Pale kibarazani kuna uwazi wa kutosha."

"Nje kuna vumbi."

Kitinda aliutazama mlango uliofungwa kwa komeo, akamtazama baba yake. Yeye naye alijua. Ng'ambo ya barabara aliketi fundi viatu na nyundo yake, na usemi ule ungali mbichi midomoni mwa watu. "Sawa," akasema binti. Wakasogeleana, wakarusha chini na kwa kasi, virungu vikipita kama barua zinazosukumwa chini ya mlango. Baada ya muda havikugonga boriti tena. Baba akadhani huko ndiko kujua.

Mkewe ndiye aliyemwambia. Alikuja kuchukua sponji ya mto, akawasubiri wafungue, akaona jasho na saa iliyovuliwa. "Mnajifungia kama wezi?"

"Tunafanya mazoezi, Mama Watoto."

"Mficha uchi hazai," alisema, akachukua sponji yake na kuondoka. Mzee Springi aliipokea methali hiyo kama mzaha wa mke. Methali tuzijuazo mno huingia sikio moja na kutokea la pili.

Majaribio yalifanyika katika ukumbi wenye paa la mabati lililo mbali kama mbingu ya pili. Mzee Springi alikaa benchi la nyuma, shati lake limepigwa pasi. Kitinda alirusha peke yake, na hata waliokuwa wakisubiri zamu walinyamaza. Kisha mwalimu wa kikundi, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba magunia, akasimama mbele yake na virungu vitatu.

Kirungu cha kwanza cha mwalimu kilipanda taratibu. Kitinda aliunyoosha mkono mapema, kama alivyozoea, akashika hewa. Kirungu kikaja nyuma ya mkono na kumpiga begani. Wakaanza tena. Safari hii chake yeye kilikwenda kwa mwalimu moja kwa moja, kikali, usawa wa mbavu. Mwalimu alikidaka kwa shida, akasimamisha kila kitu.

"Nani alikufundisha kupokezana?"

Kitinda alikigeuza kirungu mkononi.

"Maana mwanangu, ukiwa peke yako unarusha kama ndege. Ukiwa na mwenzako unarusha kama mtu anayeogopa dari."

Mzee Springi alihisi damu ikimpanda masikioni. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na benchi lilikuwa karibu kiasi cha kusikika. Alifungua kinywa. Lakini Kitinda hakugeuka hata kidogo kutazama nyuma.

"Hakuna aliyenifundisha," alisema. "Nilijifunza peke yangu. Tabia yangu mbaya."

Baba akafumba kinywa. Ipo aibu ya kukamatwa, ambayo mtu huizoea. Na ipo ile ya kufichwa na mtoto wako, akiusimamisha mwili wake mbele yako kama wewe ndiwe mdogo. Alitazama viganja vyake. Vilikuwa na sugu mpya, za virungu, na hata hizo alikuwa amezieleza kwa wateja kuwa za nyundo.

"Tutakuwa hapa mpaka mwisho wa mwezi," mwalimu alisema. "Ikitoka tabia hiyo, rudi. Isipotoka, usijisumbue."

Walirudi kwa miguu. Kwenye kona ya mtaa Kitinda alisema, "Usijali, Baba," na hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

Kesho yake, Kitinda aliporudi kutoka dukani, alimkuta baba yake amesimama kibarazani, virungu sita vimepangwa juu ya kochi la mteja, saa imevuliwa, karakana wazi. Ng'ambo ya barabara nyundo ya fundi viatu ilikuwa imeshanyamaza.

"Baba, ingia ndani. Watu wanatazama."

"Naona."

"Tunaweza kutafuta uwanja wa mbali."

"Shika vyako, mama. Simama kule, mbali. Rusha juu."

Waliinua mikono. Waliishusha pamoja. Kirungu cha Kitinda kikapanda, kikapita usawa wa bango la karakana, kikageuka angani bila haraka. Mzee Springi hakuwahi kukiona kirungu kikiwa na muda mwingi kiasi kile. Alikishangaa tu. Kikamwangukia mguuni.

"Mzee Springi!" fundi viatu aliita, sauti ikijaa sukari. "Jirani! Hiyo mikono imekosa kazi?"

Watu wakaangua kicheko. Mteja mmoja, aliyekuja kuulizia kochi lake, alisimama kando ya mtaro asijue aangalie wapi. Shingo ya Mzee Springi ilikuwa inawaka. Kama ardhi ingepasuka, angeingia na viatu vyake. Alipiga moyo konde, akainama, akakiokota.

"Imekosa," alijibu. "Tena ilikosa siku nyingi. Endelea, mama. Juu zaidi."

Aibu haikuisha siku ile, wala wiki ile. Kila jioni alipovua saa ilimsubiri palepale, na kila jioni usemi wake ulivuka barabara na kumrudia. Ila virungu vilianza kupanda, na Kitinda akajifunza tena kungoja.

Mwisho wa mwezi Mzee Springi hakuingia ukumbini. Alisimama nje, karibu na dirisha lililokuwa juu mno kuchungulia, akasikiliza kama anavyosikiliza makochi. Kirungu kilichorushwa chini hulia kofi kiganjani; kilichotoka juu hutua kwa sauti nene, na kabla yake hutangulia kimya kifupi. Alikisikia kimya hicho. Kikaja kingine. Kitu kikaanguka sakafuni, akakunja ngumi. Lakini mwendo haukukatika, kilichoanguka kiliokotwa wakati kazi ikiendelea.

Kitinda alipotoka, jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Mlangoni nyuma yake alisimama mwalimu.

"Tunaondoka Jumatatu," binti alisema. "Na mimi."

Mwalimu alimtazama yule mzee mwenye shati la pasi. "Wewe ni mzazi? Safari hii nani kamnyoosha?"

Kitinda aligeuka kumtazama baba yake, akasubiri.

"Mimi," alisema Mzee Springi, macho yake yakiwa kwenye vidole vya viatu. "Na kule kuogopa dari pia kulikuwa kwangu."