Rubani Aliyepotea Sezoni ya Pili

Nina ugomvi na watu wanaoandika tamthilia za anga. Wanaua mtu sezoni ya pili, wanakuacha unalia kama mjinga, kisha sezoni ya nne wanatoboa tundu katika wakati na kumtoa humo, uso ule ule, koti lile lile, kana kwamba alikuwa ametumwa dukani kununua chumvi. Na mimi, mwalimu mzima wa Kifaransa, nimeifuata tamthilia hiyo tangu siku ya kwanza na sijakosa hata kipindi kimoja. Naitukana huku naishusha kwenye simu.

Ni hadithi ya watu ambao sayari yao iliungua, wakabaki wanahamahama ndani ya chombo kimoja, na kila kituo wanachofika wanaambiwa wasogee mbele. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa zaidi. Mama yangu mdogo aliielewa kwa dakika tano. Alikuja kwetu Mabanga kambi ya Mugunga ilipovunjwa, na begi moja na karatasi ya kambi. Kwenye karatasi hiyo, mbele ya jina la mwanawe wa kwanza, palikuwa pameandikwa disparu. Walitengana njiani wakikimbia kutoka Masisi. Neno lile alilijua kwa umbo lake tu, maana Kifaransa hakijui.

Jumapili baada ya misa alikuwa akiketi kando yangu mbele ya kompyuta, nami namtafsiria. Siku moja rubani alitoka nje ya chombo kutengeneza mtambo, kamba ikakatika. Nahodha akawaambia wenzake kwa sauti ya chini: "Il a disparu." Nikasema, bila kufikiri, "Amepotea."

Kosa lenyewe ndilo hilo, na ni kosa letu sisi tunaoishi kwa lugha mbili. Kwa Kifaransa neno hilo humbeba aliyepotea na aliyefariki pia, kwa kuwa watu huona ugumu kutamka kifo. Nahodha alimaanisha kifo. Kipindi kilichofuata wakamwimbia rubani wimbo wa maziko, nami nikaelewa. Nikamwambia mama mdogo kwamba wanamwombea aonekane. Niliogopa, kwa sababu alikuwa ameshasema: "Eh, kama amepotea, basi ataonekana. Angekufa wangesema amekufa."

Tangu hapo kila Jumapili aliniuliza, "Ule wa kupotea, alisharudi?" Nami namjibu, "Bado, mama mudogo." Sezoni ya tatu yote ilipita hivyo.

Ndiyo maana sezoni ya nne ilinivuruga. Rubani aliporudi, kikundi chetu cha mashabiki kwenye simu kilijaa shangwe. Mimi niliandika maneno makali: kwamba hadithi inayofuta vifo vyake haina uzito, kwamba waandishi wametufanya watoto. Niliamini kila neno. Lakini machozi ya furaha yalikuwa yananitoka wakati naandika, na nusu ya maneno yale nikayafuta. Kisha nikamwita mama mdogo, aliyekuwa uani akianika shuka juu ya mawe ya volkano.

"Kuya, mama mudogo. Amerudi."

Alikuja mbio, mikono inachuruzika maji. Kwenye kioo mama wa rubani alikuwa amemshika mwanawe uso kwa mikono miwili. Yule kijana akamtazama kwa adabu, kama karani anavyomtazama mtu wa foleni, akasema hamjui. Alitoka katika wakati mwingine, na huko hakuwa na mama. Safari hii nikatafsiri neno kwa neno, sijui kwa nini.

"Uyu si mwenyewe," mama mdogo akasema. "Wamemuletea mama mutoto wa watu." Akarudi kwenye shuka zake.

Wiki hiyo hiyo kaka yake mkubwa, mjomba wetu wa Katindo, akaja mchana na jambo ambalo familia ilikuwa inalikwepa: kumsomea mwana wa mama mdogo misa ya wafu na kufanya matanga, ili mke wake anayemngoja awe huru. Mama mdogo akaleta karatasi ya kambi.

"Muzee, soma. Wameandika disparu. Ni kupotea. Mwalimu mwenyewe alituelezea."

Mjomba akanigeukia. "Weye unafundishaka Kifaransa. Sema kweli. Ni kupotea ao ni kufa?"

Ningeweza kujibu kwamba kwenye karatasi za kambi neno hilo ni kupotea. Ni kweli kabisa, na pale ningepona. Lakini niliona aibu kwa Jumapili zote zile nilizomdanganya.

"Ni yote mbili, papa."

"Na rubani?" mama mdogo akauliza. Mjomba akashangaa, hakujua rubani gani.

"Rubani alikufa, mama mudogo. Siku ile ile."

Akaikunja karatasi polepole. "Basi ile ya kupotea ni weye ulinichagulia." Hakupandisha sauti. Akamwambia kaka yake aende kumwona padri.

Misa ilisomwa. Hakuna aliyeuona mwili, na siku nyingine natamani mjomba asingeniuliza kitu. Sezoni ya tano imetoka mwezi huu. Mama mdogo bado anakuja Jumapili na kuketi pale pale. Kipindi cha kwanza, nahodha alipoanza kusema, nikafungua mdomo nitafsiri.

"Acha," akasema. "Nitaangalia sura zao."