Jina la Sita

Umewahi kumchukia mtu kwa sababu tu mama yake anajua kupika?

Unai aliwahi. Alikuwa Mbaski wa Gasteiz, kaskazini mwa Hispania, mtoto wa dereva wa lori, na alikuja Regensburg, Ujerumani, kwa mwaka mmoja kusomea uhandisi wa maji kwa fedha za ufadhili zilizomtosha kula na kulala tu. Majuma ya kwanza yalimtesa. Ijumaa mchana Wajerumani wote wa bweni walijaza nguo chafu kwenye masanduku wakaenda kwa wazazi wao, na korido ikabaki na wageni watano wasiojuana, kila mmoja kajifungia chumbani anaongea na simu kwa lugha ya kwao.

Ni Unai aliyegonga milango. Alikuwa amegundua ile tiketi ya treni za mikoani ambayo watu watano husafiri nayo siku nzima kote Bavaria, na mkigawana kila mmoja hutoa kama bei ya pizza. Jumamosi hiyo akawapeleka mji wa Passau. Walinyeshewa, wakala mkate kwa jibini chini ya daraja, wakarudi wanataniana: Ornella, Mwitaliano mwenye ulimi mkali, Bastien, Mfaransa anayesahau kila kitu isipokuwa chakula, na Maarit na Henna, Wafini wawili waliozungumza kwa zamu.

Tangu siku hiyo safari zikawa zake. Alijua hosteli ipi ina jiko na ipi itakutoza kwa shuka. Ijumaa alichemsha mayai kumi. Tiketi aliinunua yeye, na majina matano akayaandika yeye kwa wino, maana tiketi hiyo bila majina ya wasafiri haina kazi, na jina likishaandikwa halibadilishwi. Kisha aliibana kwa sumaku kwenye mlango wa friji ya jikoni, wote waione. Walimwita Stesheni Masta. Kwao Gasteiz, kati ya ndugu wanne, hakuna aliyewahi kumfuata hata dukani.

Mwezi wa nne, muhula mpya ulipoanza, akaja Radim, Mcheki wa Plzeň, mrefu, mpole, mwenye kucheka polepole. Juma la pili tu akauliza jikoni kama wangependa kwenda kwao. Nauli ilikuwa ndogo, kulala ni bure.

Bure. Unai angepambana na bei yoyote duniani, ila hiyo hakuwa na la kuifanya.

Walikwenda. Mama yake Radim alikuwa ametandika vitanda sita. Aliwapa nyama ya ng'ombe katika mchuzi mzito wa krimu, na matonge ya unga yaliyochemshwa, laini kama sifongo, akawaongeza bila kuwauliza. Baba alileta bia kwa jagi. Unai alikula sahani mbili na kila tonge lilimkwama, kwa kuwa lilikuwa tamu. Alimwona Ornella akijifunza kusema asante kwa Kicheki. Kule Passau hakuwa amejifunza neno hata moja. Kwenye treni ya kurudi, Bastien alimpiga begani.

"Stesheni Masta, sasa unaweza kustaafu."

Wote walicheka, na Unai akacheka kuwashinda.

Juma zima baada ya hapo hakuna aliyeongea kitu kingine ila ule mchuzi. Unai alikaa mbele ya kompyuta yake kama mtu anayejiandaa kwa vita. Alipanga safari ya Königssee, ziwa lililo katikati ya milima, mbali kuliko kote walikowahi kufika, treni nne na basi moja. Hosteli ilikuwa na chumba cha vitanda sita na chumba cha vitanda vitano, bei ya kitanda ni ileile. Alivitazama vyote viwili kwa muda mrefu. Akabonyeza cha vitano.

Hakuna aliyemuuliza kitu, na hawakuwa na sababu. Mwezi wa pili, binamu wa Henna alipowatembelea, Unai mwenyewe alinunua tiketi ya pili ya mtu mmoja, akajumlisha gharama zote na kuzigawa kwa sita. Ndivyo walivyozoea, kwa hiyo walijua atafanya vilevile.

Tiketi aliiweka kwenye friji Ijumaa alasiri. Ornella alikwenda kuchukua maziwa, akasimama.

"Unai, orodha yako imekatika."

"Haijakatika. Tiketi ni ya watu watano."

"Mwezi wa pili tulikuwa sita."

"Yule alikuwa mgeni."

"Na Radim ni nani, bwana? Mwenye nyumba?"

Radim alikuwa pale pale jikoni, anakoroga supu. Alisema hana neno, ana ripoti ya maabara inayomsubiri. Halafu akainama, akatoa kabatini kopo kubwa la bati. Mama yake alikuwa ametuma keki ya mbegu za popi kwa ajili ya safari hiyo, Radim akasema; basi waichukue wao, yeye ataomba nyingine. Akaiweka juu ya friji, juu kabisa ya yale majina matano, akarudi kwenye supu yake.

Unai alihisi uso unamwaka. Hata uungwana, mtu huyu alikuwa nao bure.

Bara hili limeng'oa vizuizi vya mipakani ili vijana wake wapite bila kuulizwa, na kijana mmoja alikuwa ameweka kizuizi kwenye mlango wa friji. Unai alilijua hilo. Alijua pia kwamba angeweza kuteremka stesheni, dakika kumi kwa miguu, akanunue tiketi ya mtu wa sita. Alichemsha mayai.

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika kwenye jukwaa la treni, tiketi mkononi, kopo la keki halipo mkobani. Alikuwa ameliacha juu ya friji. Dakika saba kabla ya treni, wenzake wanne wakatokea kwenye ngazi, na nyuma yao Radim, amebeba kopo.

Hawakumfokea. Ornella alimsalimia, akapita, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya tiketi. Ilitoa tiketi nyingine ya watu watano. Akamgeuza Radim kama mlango, akaiweka karatasi mgongoni mwake, akaandika jina la Radim. Chini yake akaandika lake. Akampa kalamu Bastien. Bastien akaandika, akampa Maarit, Maarit akampa Henna. Mistari mitano ikajaa.

Unai alisimama na karatasi yake yenye majina manne ya watu ambao hawakuwa tena na haja nayo, na la tano lake.

Treni ikaingia. Walipanda mmoja mmoja, bila kugeuka, Radim akiwa wa mwisho. Mlango ukaanza kulia kwamba unafungwa. Radim akauegemea kwa mgongo, kopo la keki kifuani, akamtazama Unai. Kondakta akapuliza filimbi, akamfokea kwa Kijerumani, akafoka tena. Radim hakusogea.