Kilele Nilichokizungushia Miiba

Mwanangu, jana nilikuona ukipandisha nguzo na seng'enge kilimani, nikakumbuka siku moja iliyonitia adabu nilipokuwa na umri kama wako. Keti kidogo, nguzo hazitakimbia.

Huo mgongo wetu wa ardhi iliyoinuka una vilele vitatu, na kirefu kuliko vyote hakifiki hata nusu ya mnazi. Wageni wa bara hucheka tukiuita mlima. Wacheke. Mto Tana ukifurika, hapo ndipo penye ardhi kavu upande huu wa Garsen, na vijiji vya chini vyote hukimbilia huko, sisi wakulima Wapokomo na Waorma na ng'ombe wao. Ndiyo maana wazee walikataza kulima kile kilele kikubwa.

Mimi nikajiona mjanja. Nikapanda matikiti kileleni, nikayazungushia ua wa miiba hadi chini mteremkoni, nikawa natembea kifua mbele. Nilikuwa natafuta mchumba, unajua tena. Nilitaka wakwe waone mwanamume.

Mvua za bara zikaleta maji. Asubuhi moja nikamkuta Bibi Hawo, mfugaji Muorma, amesimama nje ya ua wangu, maji yamemfika magotini, ndama tisa wanatetemeka nyuma yake. Vile vilele vidogo vilikuwa vimeshajaa watu. Angeweza kuubomoa ule ua kwa fimbo yake, lakini hakuugusa.

"Hodi, mwenye mlima," akaniita. "Naomba pahali ya ndama kusimama tu. Kama hapana, sema."

Mwenye mlima! Aibu niliyoiona siku ile, mwanangu, hata leo masikio yanawaka. Nikang'oa miiba kwa mikono mitupu. Ndama wakapanda moja kwa moja hadi kwenye matikiti, wakala mpaka maganda, na Bibi Hawo akacheka hadi akakaa chini. Nyuma yake wakaingia watu wengine, na wakwe wenyewe wakiwemo, wamelowa chapachapa. Mama yako, binti yao, ndiye aliyenitoa miiba vidoleni. Nikaposa, wakakubali papo hapo, bila hata tikiti moja la kuwakaribishia.

Basi nakwambia wazi: lima chini, jenga chini. Kile cha juu kiache wazi, hata mto ukikaa kimya miaka mingi na wenzako wakikuita mjinga. Anayekuja amelowa asilazimike kupiga hodi. Mungu akupe pahali pakavu siku zako zote, na akujalie watu wa kukaa nao hapo.