Numero ya Pili

Bantu ba hapa Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi mu Malawi, banapenda kusema Mama Gabriella iko na roho ngumu. Mi nauzisha mandazi pembeni ya mashini yake ya kushona, mbele ya nyumba yake, kila siku ya Mungu, na nikisikia mutu anasema ile maneno namuacha atafune kwanza, kisha namuuliza: we ulikuwako? Kama hukuwako, kula mandazi yako unyamaze. Mi nilikuwako. Nitasema vile ilikuwa, na wa kukasirika akasirike.

Jina lake la ubatizo ni Antoinette, lakini kwetu mwanamuke akishazaa, lile jina linawekwa kando. Anakuwa mama wa mutoto wake. Alitoka Uvira na Gabriella mugongoni na kichwa cha mashini ndani ya gunia. Mu lori ileile mulikuwa Thacienne, Mama Akilimali, jirani yake wa kulekule. Balifika pamoja, bakajenga nyumba mbili zenye kutumia ukuta mumoja. Ukikaanga pilipili upande huu, upande ule banapiga chafya. Hata chumvi ilikuwa inapita mu tundu ya ukuta, hakuna mutu anatoka inje. Bantu bengine balifikiri ni ndugu wa tumbo moja.

Gabriella akakomaa, akaolewa, bwana yake akaitwa Canada, akaenda naye. Kule akajaza makaratasi ili mama yake amufuate. Sasa makaratasi ya hivyo inaulizaka numero ya simu, na Antoinette hakukuwa na simu. Akafanya kile tunafanyaka sisi bote tusio na simu: akaandikisha numero ya jirani. Ukimupa mutu kazi ya kukupokelea simu, ni kama umemuachia ufunguo wa nyumba. Hauwazi mara mbili.

Tangu ile siku, kila asubuhi, mbele hajafungua mashini, Antoinette alikuwa anagonga ukuta. "Mama Akilimali, bamepiga?" Na ule wa upande wa pili anajibu: "Bado, dada." Mvua inanyesha, mahindi inavunwa, bengine banaitwa banapanda ndege, na mi nakanda unga wangu nikisikia sauti ileile ndani ya ukuta. Bado, dada. Sauti tamu, ya mutu mwenye kukuonea huruma.

Gabriella akazaa kule. Picha ya mutoto ilifikia mu simu ya Thacienne, na Antoinette alikuwa anaomba aangalie tena, mara moja tu, mpaka mwenye simu anasema batri inaisha. Hapo njo aliamua. Akashona uniforme za korali ya kanisa moja ya Kauma, akazipeleka yeye mwenyewe Lilongwe, na mu kurudi akapitia soko ya Kawale, akanunua smartphone iliyokwisha kutumiwa na bengine. Kioo kilikuwa kimepasuka ku kona, lakini sura ya mujukuu ilionekana yote.

Na munajua nani alimufundisha kuweka majina ndani? Thacienne. Balikaa pale juu ya benchi yangu, mabega yanagusana. "Gusa hii alama ya kujumlisha, dada. Andika jina. Andika numero. Sasa gusa enregistrer, ihifadhi." Jina la kwanza lilikuwa Gabriella. La pili, Mama Akilimali. La tatu lilikuwa langu, Mama Darlène Mandazi, juu mu korali kuko Mama Darlène mwingine. Simu yote ikajaa hivyo: mama wa fulani, baba wa fulani, pastor, fundi wa viatu. Kutoa binti yake, hakuna mwanamuke hata mumoja mwenye kuandikwa kwa jina lake.

Kabla ya kusimama, Thacienne akasema, "Dada, simu yangu batri imevimba, siku moja itanizimikia. Na dossier yangu na batoto, ile faili ya safari, imeanza kutembea. Niandikishe yako kule ku ofisi ya makaratasi, ikuwe numero yangu ya pili?"

"We ulinipa yako bila kuniuliza kitu," Antoinette akamujibu. "Andikisha."

Keshoyake Antoinette akaenda ku ofisi, aseme sasa iko na simu yake. Binti mumoja Mumalawi akaangalia mu ordinateur, ile kompyuta yake, akaangalia tena, akaita mutafsiri. Mutafsiri akamuambia: "Mama, hapa imeandikwa ulirudi Kongo. Tulipiga numero yako. Mwanamuke alipokea, akasema ni jirani, kwamba ulikwisha kurudi Uvira na hautakuya tena. Dossier ilifungwa." Antoinette akasema, lakini niko hapa, muniguse. Bakamuambia bantu bengi banatokaka na kurudi. Kama habari ilikuwa ya bongo, ya kudanganya, ule aliyeitoa akuye aikane kwa kinywa chake.

Alirudi pole pole, njia fupi ikawa ndefu. Hata kabaza, wa kubeba bantu na baisikeli, alimuita, hakumuangalia. Akakaa ku mashini, hakuzungusha gurudumu, akanielezea yote kwa sauti ya chini. Mi nilishika kijiko changu cha mafuta ya moto, nikasimama. Akanivuta kitenge. "Kaa, Mama Darlène. Ukipiga kelele leo atakana, na mi nitabaki na kelele yako." Kisha akatoa simu, akafungua lile jina, Mama Akilimali, akagusa ile kalamu ndogo ya kurekebisha, akafuta. Akaandika: Thacienne. Basi. Hakuna mama, hakuna dada. Hapa kwetu, kumuita mwanamuke muzima kwa jina tupu ni kumuvua kitenge mbele ya bantu. Alimuvua mu simu kwanza.

Musiniulize kwa nini Thacienne alifanya. Wivu. Mutu anaweza kukupatia chumvi miaka ishirini, lakini roho yake ikatale kukupatia ndege. Bazee balisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Antoinette akanyamaza. Alimusalimia asubuhi, akapokea chumvi, akatoa chumvi. Lakini ile simu, angalia vile aliichunga. Ilikuwa ya kwanza kufika fasi ya kuchaji na ya mwisho kutoka. Aliinunulia unite, salio ya kupiga, hata siku hakununua unga, juu line isife. Gabriella alitaka kumutumia simu mupya na numero ingine, akakatala. Akiniangalia anasema tu, "Iko mu dossier yake, Mama Darlène. Batapiga."

Na batri ya Thacienne ikazimika kweli, vile alisema. Sasa ukuta ukaanza kugongwa kutoka upande ule. "Mama Gabriella, bamepiga?" Na Antoinette, kwa sauti ileile tamu, aliyoisikia miaka yote: "Bado, dada." Mi nilikuwa nachoma mandazi nikicheka peke yangu. Sifichi. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu.

Ba ofisi balipiga mchana mumoja, banamuke bamejaa ku benchi yangu. Antoinette akapokea. "Ndiyo, numero ya Thacienne. Hapana, hakurudi Kongo, iko hapa, namuita sasa. Lakini kabla ya kumupa habari yake mumuulize: nani aliwaambia Antoinette wa Uvira amerudi Kongo? Ni yeye. Atawaambia mwenyewe."

Akanituma nimuite. Thacienne akakuya mbio, unga mu mikono, anacheka, anamushukuru Mungu. Antoinette akaweka simu juu ya meza ya mashini, akafungua sauti, kila mutu asikie. Mutafsiri akasema, "Mama, kuna interview yenu, wewe na batoto. Lakini kwanza jibu. Wewe njo ulituambia huyu mama alirudi Kongo?"

Kicheko kikaisha. Ku benchi, hata mwenye mandazi mu kinywa hakutafuna.

"Thacienne," Antoinette akasema.

Tangu Uvira hakukuwa amemuita hivyo. Ule mwanamuke aliruka kama ameguswa na moto.

"Sema ndiyo. Neno moja tu. Mi nifunguliwe niende kwa mutoto wangu, na we uende na bako. Sitakudai lingine mpaka kufa."

Thacienne akaangalia simu. Tuliona anawaza: nikisema ndiyo, watasema mi ni mwongo, na yangu nayo watafunga. Mutafsiri akauliza tena, "Mama, unasikia?" Thacienne akanyoosha kidole chenye unga, akagusa alama nyekundu. Simu ikakatika.

Mi nawaapia, Antoinette hakuigusa. Alibaki anaangalia unga juu ya kioo, na macho yake ikajaa maji, juu lile neno moja lilikuwa ndege yake pia. "Si mi niliyekata," akasema. "Mumeona bote."

Sasa munasema iko na roho ngumu. Kutoka hapa ku benchi yangu, geti ya ofisi inaonekana. Mutu akitoka sasa, anafika mandazi yake ikingali moto. Thacienne aende aseme ukweli, bapande ndege bote babili. Haendi. Anakuya hapa, asubuhi na mchana, anauliza, "Mama Gabriella, bamepiga tena?" Na Antoinette anamuonyesha simu yote, hamufichi kitu. "Bado, Thacienne. Geti ile pale."

Jana alikuwa amesimama hapo, simu ikalia. Ilikuwa Gabriella, anapiga ya video. Mujukuu amekuwa mukubwa, anasema sasa, Kiswahili chake kinateleza kidogo. "Bibi, unakuya lini?"

Antoinette aligeuza simu, akaiweka mu mikono ya Thacienne, mutoto akamuangalia usoni.

"Mujibu," akamuambia.

Thacienne alishika ile simu kwa mikono miwili. Mutoto akauliza tena, bibi lini.

"Bado," Thacienne akasema.

Antoinette akachukua simu yake, akapangusa kioo na kitenge, na akarudia mukono wa gauni aliokuwa anashona.