Mpini wa Mkono Mkubwa

Hapa kwetu Moosreit, katika vilima vya Bavaria, mtu anaweza kuachwa na mke, kukosana na padri, au kukoroma kanisani katikati ya mahubiri, na bado akasalimiwa kama binadamu. Lakini ole wake awe mfalme wa soseji. Na Korbinian Haslinger, mpeleka barua wetu, amekuwa mfalme wa soseji mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Kama kuna marehemu aliyempita, basi amenyamaza huko aliko, na anafanya vyema.

Mambo yenyewe ni hivi. Kila Januari chama chetu cha walenga shabaha humtafuta mfalme wake. Kila mwanachama hupewa risasi moja tu, kwa bastola ya upepo, umbali wa mita kumi, mkono mmoja umenyooshwa na mwingine umetiwa mfukoni kama inavyotakiwa. Karatasi haonyeshwi mtu. Inakwenda kupimwa kwa mashine, na Jumamosi inayofuata matokeo yanatangazwa ukumbini mbele ya bia. Aliyeikaribia katikati kuliko wote huvikwa mkufu wa fedha, na jina lake huchongwa kwenye sarafu inayoning'inia kwenye mkufu huo milele. Wa pili huvikwa mkufu wa soseji. Wa tatu huvikwa mkufu wa brezeli, ile mikate yetu ya kusokotwa fundo, na huyo ana nafuu, maana mkate hauchuruziki mafuta shingoni.

Sasa, kwenye mkufu ule wa fedha kuna sarafu ya Balthasar Haslinger, baba yake Korbinian, aliyekuwa mhunzi. Jitu la sauti, lenye mikono minene mpaka kwenye viwiko, ambalo hadi leo watu wakilitaja hushusha sauti. "Mkono wa Haslinger," mzee alikuwa akisema, "ni koleo." Kisha alikuwa akimtazama mwanawe wa pekee, na vidole vyake vya kupenyezea barua milangoni. Picha yake ya siku ya ufalme ipo ukutani kwa Korbinian: amevaa mkufu, amelikumbatia bilauri la bia la lita nzima kwa mikono miwili, kwa furaha, ndivyo ilivyosemwa nyumbani. Chini ya picha kuna kabati dogo la kioo, na ndani yake bastola ya mzee. Korbinian alipokuwa mtoto aliwahi kuinyooshea mkono akapigwa kofi na kuambiwa kwamba mpini huo si wa mkono kama wake. Mzee alikufa, kofi likabaki. Miaka yote hiyo Korbinian alifuta kioo tu.

Alichokitaka maishani kilikuwa kimoja: sarafu yake itundikwe kando ya sarafu ya baba yake, kabla mkono wake haujaanza kutetemeka kwa uzee. Mbinguni angengoja. Na kwa kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua, Korbinian aliilaumu bastola ya chama aliyokuwa akiazima. Ilikuwa nzito mbele. Ilikuwa na triga la kigugumizi. Mwaka huo, baada ya kuzunguka kijiji kizima na mfuko wa barua huku kila mlango ukimuuliza kama soseji zilikuwa za kuchemsha au za kukaanga, aliapa kununua ya kwake.

Duka liko mjini, kwa mzee Schwaiger, ambaye ameuza bastola za upepo tangu sisi tukinyonya. Korbinian alitaka kwenda peke yake. Shemeji yake Ignaz Obermoser, kaka wa mkewe, akajialika kuja kumshauri. Ignaz amekuwa mfalme, tena hivi karibuni, na mtu aliyewahi kuwa mfalme Moosreit hugeuka mtaalamu wa mambo yote, kuanzia ufyatuaji hadi magonjwa ya ng'ombe. Bastola yake mwenyewe hamshikishi mtu. Husema bastola ni kama mswaki, haiazimwi, na akimaliza kupiga huifungia sandukuni kabla hata moshi wa sigara ya jirani haujaigusa.

Njia nzima Ignaz alishauri. Mtungi wa hewa, si mkono wa kupampu, kupampu ni kwa wastaafu. Mtutu mrefu. Vifundo vingi vya kurekebishia, kwa sababu kisicho na kifundo hakina maana. Korbinian alimsikiliza kama anavyosikiliza mvua.

Mzee Schwaiger hakuuliza habari za vifundo. Alimwambia Korbinian asimame, afumbe macho, ainue mkono kama anayelenga, kisha afumbue. "Ukifumbua macho ukaikuta imeangalia shabaha yenyewe, bila wewe kuipindapinda, hiyo ndiyo yako," alisema. "Nyingine zote ni za kununulia huzuni."

Alimpa ya kwanza, ikaangalia dari. Akampa ya pili, ikaangalia kalenda. Ndipo mzee akautazama mkono wa Korbinian, akaingia nyuma, akarudi na bastola ileile lakini yenye mpini mwingine. Korbinian akafumba, akainua, akafumbua. Ilikuwa imetulia katikati ya shabaha iliyobandikwa ukutani, kama imezaliwa pale. Aliiona sarafu.

"Hebu nione," Ignaz alisema, akainama kusoma alama chini ya mpini. "Saizi ndogo. Shemeji, hii si ndiyo wanayopewa mabinti wa shule?"

Kungekuwa na haki duniani, mtu pale angemjibu. Korbinian alijisikia uso umewaka moto mpaka masikioni. Aliiweka ile bastola juu ya kaunta taratibu, akasema alikuwa anaitazama tu, na kwamba aletewe mpini mkubwa, mkubwa kabisa, kwa sababu ukoo wa Haslinger una mikono ya koleo. Mzee Schwaiger alimkazia macho kidogo, kisha akafunga mzigo. Bei sitaitaja, maana mkewe Zenzi hajaambiwa mpaka leo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Korbinian alificha, na alipata tabu ya kuzaa haswa. Mpini ule ulimcheza mkononi kama kiatu cha kaka mkubwa. Majira yote ya mapukutiko alikwenda ukumbini kila Ijumaa, akaulazimisha, akaubana mpaka kidole kikafa ganzi, na kila alipokosa alisema bado wanazoeana. Ignaz aliyekuwa akipita nyuma yake alisema ni kweli, hata ndoa nyingine huchukua muda. Kumwambia mtu kwamba mpini ni mkubwa, Korbinian asingethubutu. Afadhali soseji.

Ikafika Januari. Sasa, katika chama chetu kila aliyeandikishwa lazima apige, na Zenzi, mke wa Korbinian, ameandikishwa, kwa jina lake kamili la Kreszenz, kwa sababu ndiye mpishi wa ukumbini. Yeye ni mtoto wa zizi la Obermoser. Amekamua ng'ombe kwa mkono tangu utotoni, na mikono yake wanaume huitazama kwa adabu. Kila mwaka hufuta unga kwenye aproni, hupiga risasi yake moja popote inapotaka kwenda, hurudi kwenye madonge yake ya viazi. Mwaka mmoja alitoboa karatasi ya jirani. Safari hii bastola ya chama ilikuwa inavuja hewa, basi Korbinian, aliyekwisha kupiga, akampa ya kwake.

Zenzi akaishika. Ikajaa mkononi pasipo kucheza hata kidogo. Akaitikisa, akamtazama mumewe.

"Eh," alisema. "Imekaa."

Akafyatua, akamrudishia, akauliza nani ameacha maji yakichemka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mkufu wa brezeli ulimwendea mjane wa daktari wa mifugo, akashangiliwa sana. Kisha mwenyekiti akakohoa, na Korbinian, ambaye kwa uzoefu anavijua vikohozi vya mwenyekiti vyote, alijua kabla jina halijatajwa. Wakamvika. Soseji zilikuwa zimetoka kwenye maji ya moto muda mfupi uliopita, na zilimchoma shingo. Watu walipiga meza kwa ngumi. Aliketi, akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na ndani yake alikuwa amevunjika vipande. Alisubiri wamwite Ignaz. Ignaz naye alisubiri, amekwisha kunyanyua makalio kitini.

Wakamwita Kreszenz Haslinger.

Zenzi alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani wanadai chakula. Alipovikwa mkufu alicheka mpaka machozi. Ignaz akasimama juu ya benchi kuwatangazia watu kwamba damu ni damu, mkono ule ni wa Obermoser. Dada yake akamjibu kwamba mkono huo wa Obermoser uko tayari kumtandika mwiko asiposhuka. Lakini Korbinian hakusikia. Alikuwa anaitazama sarafu ya baba yake iliyolala kifuani pa mkewe, na hakuweza hata kumwonea wivu, kwa sababu alijua sababu. Alikuwa ameijua tangu dukani.

Jumatano iliyofuata, baada ya kugawa barua na kupokea maneno yake mlango kwa mlango, alikwenda mjini peke yake. Akangoja duka likiwa tupu. Akamwambia mzee Schwaiger, kwa sauti ya mtu anayenunua dawa ya kulainisha choo, kwamba anataka mpini mdogo.

Mzee alifuta miwani yake.

"Mdogo umekwisha, mwanangu. Mpaka kiwanda kilete mwingine. Kijiji chenu mmeumaliza."

Korbinian hakuelewa. Mzee akamweleza kwa upole kwamba watu wa Moosreit hununua mpini mkubwa Jumamosi, wakiwa wawili wawili, halafu kila mmoja hurudi siku ya kazi, peke yake, kuubadilisha. Amezoea. Korbinian akauliza ni akina nani. Mzee akasema yeye ni kama padri, walio hai hawataji.

"Ila aliyekufa hana kesi," aliongeza. "Baba yako nilimchongea wake mwenyewe, maana enzi hizo saizi hiyo haikuwepo. Alikuja siku ya mvua, akaingilia mlango wa nyuma."

Korbinian hakumbuki alivyofika nyumbani. Zenzi alikuwa anamenya viazi, na mkufu shingoni, eti anauzoea. Alimpita bila kuvua buti, akafungua lile kabati la kioo, akaitoa bastola ya baba yake. Mpini wa mti ulimwingia kiganjani na kutulia. Kila kidole kilikuta mahali pake, hata ule mkunjo wa chini ya kidole gumba. Akainua macho kwenye picha, kwenye ile mikono miwili iliyolikumbatia bilauri, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mkono mmoja usingelizunguka.

"Baba alikuwa na mkono mdogo," alisema.

"Najua," Zenzi alisema. "Si mimi niliyemkata kucha alipokuwa kitandani?"

"Na hukuniambia."

"Aliniapisha. Alisema ukijua hutamheshimu tena."

Korbinian aliketi na buti zake na tope zake. Alikasirika. Hajawahi kukasirika vile katika maisha yake, na aliyemkasirikia yuko chini ya jiwe la kaburi lililoandikwa vizuri. Kofi lile lote, miaka yote ile, kwa ajili ya vidole vifupi. Zenzi alivua mkufu, akauweka juu ya maganda ya viazi, akaja kuketi karibu naye.

Ijumaa alikwenda ukumbini na bastola ya baba yake ndani ya kitambaa cha jikoni. Jana yake mzee Schwaiger alikuwa ameitia mafuta na kuibadilishia mipira yake, ikapumua kama mpya. Wanaume walipoiona waliacha kupiga. Ignaz ndiye aliyesogea, akasema taratibu, kwa masikitiko ya kishemeji, kwamba heshima ya marehemu ni kitu kikubwa, na kwamba mpini ule jamani si wa mkono kama wake.

"Ni mdogo," Korbinian alisema, kwa sauti ya kufika hadi jikoni. "Mdogo kama mkono wangu, na kama wa baba yangu. Shika uone, shemeji. Au nani mwingine anataka kuujaribu?"

Aliinyoosha bastola, mpini mbele, akazunguka nayo polepole ili kila mtu apate nafasi. Hakuna aliyeipokea. Zenzi alitokea mlangoni mwa jikoni, akaunyoosha mkono wake wenye unga, akajaribu, akasema kwake hauingii. Wengine wote walikuwa wamepata jambo la kutazama sakafuni, na Ignaz Obermoser, mfalme wa juzi, alikuwa ametia mikono yote miwili mfukoni.